Makofi Matatu

Treni ya Pugu ilikuwa imetoka Stesheni, na Mwalimu Kokuberwa ameshaanza kusinzia, aliposikia walimu wakisemwa kiti cha mbele.

"Siku hizi mwalimu wa historia hafundishi," mama mmoja alimwambia baba aliyekutana naye humo humo. "Anawatuma watoto wakawaulize babu zao, halafu wao ndio wanasimama mbele kusimulia."

"Mbona vizuri, mama. Sie tulikuwa tunakariri tu."

Kokuberwa alikubaliana naye kimoyomoyo. Ndivyo walimu wa historia kama yeye walivyoelekezwa kwenye semina.

"Sikatai. Sasa baba mkwe wangu, ambaye hata mwanawe hajawahi kumsimulia, akamwambia Jesca wangu jinsi mdogo wake alivyofia njiani, enzi zile walipohamishiwa kijiji kipya kule Nachingwea. Mtoto kaenda kayasema yote darasani. Kumaliza tu, mwalimu anasema, mpigieni makofi matatu."

Usingizi ukamwisha Kokuberwa. Jesca alikuwa mwanafunzi wake.

"Si kawaida hiyo, kumpongeza mtoto?"

"Kawaida, ndiyo. Ila jioni mzee kauliza, wamesemaje huko shuleni? Jesca kamjibu, wamepiga makofi. Mzee kaingia ndani, kafunga mlango."

"Ulitaka mwalimu afanyeje, na watoto wote wale?"

"Sijui, baba. Angenyamaza kidogo tu."

"Angenyamaza, mngesema hajali."

Treni ikasimama Gongo la Mboto, wakashuka bado wanabishana. Kokuberwa naye alikuwa wa kushukia hapo, lakini alibaki kitini, mikono mapajani. Kesho ilikuwa zamu ya kikundi cha pili kusimulia darasani kwake.