Redio wa Nyumba ya Kimya

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya kutulisha, mpishi mkuu wa nyumba yetu ya mafungo anastaafu. Sote tunamwita Redio, naye huitika. Jina alipewa na mtawa mkuu wa wakati ule, katika juma lake la kwanza kazini, alipomkuta akimsimulia mgeni ajali ya basi mwanzo hadi mwisho. Mgeni mwenyewe alikuwa katika siku ya tatu ya kimya, na supu ilikuwa inampolea mkononi.

Wageni wetu huja kukaa na Mungu siku nane bila kuzungumza. Huchunguza dhamiri, huungama, hujifunza kusali upya. Mezani hata chumvi huombwa kwa kidole. Kumwajiri Redio hapa kulikuwa sawa na kumpa fisi alinde bucha, lakini mikate yake ilimtetea, na hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Mwenyewe hakuficha kwamba ulimi ndio msalaba wake. Alitamba jikoni kwamba anaungama dhambi ileile tangu aajiriwe, na kwamba padre angeweza kumpa malipizi kabla hajapiga magoti. Alijaribu kila dawa. Alisali rozari huku akikanda unga, akajikuta anaingiza bei ya vitunguu katikati ya Salamu Maria. Aliweka kokwa mdomoni ili asiongee, akaimeza.

Mdomo huponza kichwa, na wake ulimponza kweli. Mtunza bustani wetu ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mpole asiyependa kutajwatajwa. Katika karamu ya uchumba wa binti wa shemeji huyo, mbele ya wakwe watarajiwa, Redio alisimulia jinsi bwana bustani alivyoingia utawani ujanani, akarudishwa nyumbani kwa sababu alikuwa akimlilia mama yake kila jioni. Watu walicheka wakashika mbavu. Shemeji hakucheka. Alivyojua yeye, siri hiyo walikuwa nayo watu wawili tu: marehemu mama yake, na padre aliyekuwa akimwungamisha katika chumba kilicho jirani na jiko.

Kesho yake alimwambia Redio, nami nikiwa mapokezi nasikia, kwamba mtu anayetega sikio kwenye mlango wa padre asimwite tena shemeji. Redio aligeuka akarudi jikoni. Tangu siku hiyo mtunza bustani hakumsemesha. Baya zaidi, aliacha kabisa kuungama, kwa kuwa hakuamini tena kuta za nyumba hii.

Hapo ndipo sisi wengine tulipochemsha, tukakosea kusoma mambo. Katika nyumba ya kimya, wawili wasiosemeshana hawaonekani kama wamegombana, wanaonekana kama wanasali. Mboga ziliwekwa mlangoni bila neno, zikachukuliwa bila neno, nasi tukavutiwa. Mtawa mkuu wa sasa alifikia kuwataja mbele ya wafanyakazi wote kuwa mfano wa kukua katika utakatifu. Redio aliinuka akasema huo si utakatifu, ni kinyongo, na aliyekipanda ni yeye. Alikiri kwamba alimdhalilisha mtu mzima mbele ya wakwe zake, akaomba msamaha. Mtunza bustani alichukua kofia yake akaenda kumwagilia kabichi.

Neno moja Redio hakulisema: kwamba hadithi ile aliipata kwa mkewe, aliyeambiwa na mama yao. Angelisema, angejisafisha papo hapo, na kaka na dada wangewaka moto. Padre anayemlea kiroho alimshauri kwamba sufuria iliyoungua hulowekwa kwanza. Ukiikwangua kwa haraka unaiharibu. Basi kila asubuhi alimsalimu shemeji yake, akapokea mboga, na salamu haikujibiwa. Tuliomjua tulisubiri atueleze upande wake. Haukuja. Mimi nilikasirika naye, nikamwona mjinga.

Lakini nilianza kuona kitu. Mizaha yake iliacha kumchoma mtu. Akikuuliza hali ya mgonjwa wako, alisubiri jibu. Hakuwa bubu, tusimsingizie utakatifu wa bure. Habari za mpira alizitangaza kama kawaida. Ila za watu zilikuwa zikifika kwake na kuishia hapohapo.

Mwaka ukielekea kwisha, mkewe alisikia kisa cha mlango wa padre kutoka kwa kaka yake mwenyewe. Alishika kiuno akamweleza yote. Asubuhi iliyofuata mtunza bustani aliingia jikoni mikono mitupu, akavuta kiti na kufunga mlango. Waliongea nini sijui. Kwa yaliyokwisha kutokea, nani angethubutu kuusogelea mlango ule? Ninachojua ni kwamba mikate yote iliungua. Wageni walikwangua vipande vyao kwa visu, chumba kizima kwaru kwaru, na kwa kuwa ni kimya, hakuna aliyelalamika. Mmoja alimshukuru mtawa mkuu kwa fundisho zuri kuhusu majivu.

Jioni hiyo mtunza bustani alikuwa wa kwanza kwenye mstari wa kuungama. Redio alikuwa nyuma yake, machozi yanamtoka.

Redio anatuachia tanuri jipya alilolipigania, na wapishi aliowafunza wakimwogopa kidogo na kumpenda sana. Chakula cha kumuaga kitaliwa kwa mazungumzo. Aliyeomba ruhusa hiyo kwa mtawa mkuu ni mtunza bustani, kwani anataka kusema maneno mawili juu ya shemeji yake, mbele ya watu.

Asante kwa yote uliyotupikia, Redio, na kwa yale uliyoyanyamazia. Tunakuombea pumziko jema, afya njema, na kila asubuhi mtu wa kukuitikia salamu.