Maisha ya Mama Kufuli, Fundi wa Kiini cha Kompyuta

Marehemu mama yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la kazini, Mama Kufuli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kitinda mimba wa fundi saa na mkewe mshonaji. Dada yake husimulia kwamba akiwa na miaka saba alifungua saa ya mteja, akaifunga tena, akabaki na kigurudumu kimoja mkononi. Baba yao hakumgombeza. Alisema tu, "Kaa hapo mpaka ujue kimetoka wapi." Alikaa hadi adhuhuri, akajua.

Alianza shule Januari 1966. Mwalimu wake wa hesabu ndiye aliyemhangaikia hadi akapata chuo, na huko, mwaka 1979, akaiona kompyuta kwa mara ya kwanza: kubwa kama kabati la nguo, ina chumba chake na feni mbili, ilhali wanafunzi walibanana wanne chumba kimoja kwenye joto. "Niliionea wivu kwanza," alizoea kusema, "mapenzi yakaja baadaye."

Tarehe 2 Aprili 1984 aliajiriwa kuandika kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa inayoongoza kompyuta nzima. Humo kazi nyingi huenda kwa pamoja, na mbili zikigusa kumbukumbu ileile kwa wakati mmoja, hii ikiandika na ile ikisoma, mambo huharibika. Dawa yake ni kufuli: moja iingie, nyingine ingoje. Mama aliyasaka makosa hayo kwa miaka thelathini na miwili, na jina likamganda.

Mwaka 2009 mashine za kufuatilia pumzi katika wodi ya watoto njiti, zilizotumia kiini chao, zilianza kuganda, mara moja kwa wiki kadhaa, bila mpangilio. Muuguzi mmoja alimpigia simu: "Mama, leo nimehesabu pumzi za mtoto kwa macho yangu. Kesho je?" Kazini lawama ilikwisha kumwangukia mwenzao mgeni, baba wa watoto wawili, na barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari.

"Tunajua ni yeye," mkuu wao alisema.

"Hatujui, tunashuku," Mama akajibu. "Nipeni muda."

Alisaka wiki kumi na moja. Alipolipata kosa, aliitisha kikao. "Mstari huu niliuandika mimi, mwaka 1994. Niliondoa kufuli ili mashine iende haraka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wenyewe ni huu. Barua hiyo, kama lazima itoke, iandikeni kwa jina langu." Haikutoka kwa yeyote. Tiba ilikuwa mistari miwili. Alimpigia yule muuguzi mwenyewe, akamwomba radhi, na wote wawili wakalia kwenye simu.

Alifunga ndoa na baba yetu, seremala, Jumamosi tarehe 5 Desemba 1987. Walijaliwa binti na mwana. Tunaikumbuka meza ile ndefu sebuleni: baba upande huu na randa, mama upande ule na karatasi zake, maranda yakimwangukia, naye akiyapuliza bila kuinua macho.

Mwaka 2021 maradhi ya kutetemeka yalimshika mikono. Hakuweza tena kuandika programu alizoendelea nazo nyumbani baada ya kustaafu, ikawa anasoma kwa sauti, baba anabonyeza kibodi kwa vidole viwili.

"Mzee, hapo ni nukta-mkato, siyo nukta."

"Mama watoto, mbao hazina nukta-mkato."

Walicheka hadi kazi ikalala. Alituaga nyumbani, Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, mkono wake ndani ya mkono wa baba. Siku hiyo, baba anasema, haukutetemeka.

Ameacha mume, watoto wawili, mkwe, wajukuu watatu, dada yake mkubwa, wifi na mashemeji. Baba ameomba tuyasome maneno yake mwenyewe: "Bado namimina vikombe viwili vya chai. Niacheni, mkono utazoea wenyewe."

Mola ampokee mama yetu, ampe mapumziko mema.