Kikombe cha Amagena Kinachokaa Nyansiongo

Wasikilizaji wapendwa, kama sufuria iko motoni, punguza moto kidogo. Kama mtoto analia, mpe ndizi. Leo nataka masikio yenu yote mawili, maana tunamkumbuka mtu aliyetuchekesha, na mtu wa namna hiyo hasikilizwi huku akili iko kwenye mboga.

Tunamkumbuka Mzee Obadiah Onsongo wa Tabaka, Kisii. Mchongaji wa mawe. Kipa wa Amagena Football Club. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: Obadiah Onsongo, mchongaji wa mawe na kipa wa Amagena. Alizikwa Alhamisi iliyopita nyumbani kwake, akiwa amekula chumvi vya kutosha.

Vijana, najua hamuijui Amagena. Kwa Ekegusii, amagena ni mawe. Tabaka ndiko yanakotoka yale mawe laini, meupe na ya waridi, ambayo wageni wananunua yakiwa yameshakuwa sanamu za viboko na sahani. Miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya, machimbo yalijaa watu kama siku ya soko. Wanaume walishuka mashimoni na sururu na mitaimbo. Wanawake walikaa juu na ndoo za maji, wakisugua michongo kwa msasa. Jioni kila mtu alikuwa mweupe kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu.

Mwaka 1964 wachimbaji hao wakaanzisha timu. Hawakuwa na jezi. Uwanja waliutengeneza wenyewe kwa kutandaza vifusi vya machimbo, na magoli yakawa ya mikaratusi. Jua likiwaka siku mbili tu, ulikuwa unacheza ndani ya wingu la vumbi jeupe.

"Siku moja walikuja wageni na jezi nyekundu," anasema Mzee Ondieki. Ondieki alikuwa dereva wa lori la mawe, na pia kipa wa akiba wa Amagena. Miguu yake imechoka, mdomo bado. "Kufika mapumziko, timu zote mbili ni nyeupe. Refa akasimamisha mpira, akauliza, 'Jameni, nani ni nani hapa?' Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshangilia goli la adui."

Golini alisimama Obadiah. Hakuwa mrefu. Hakuwa na mbwembwe. Lakini mikono ile ilikuwa imezoea kushika kitu kinachovunjika, na mpira ukifika kwake ulitulia. Watu wa Tabaka walimwamini kuliko mlango wa nyumba zao.

Na jambo moja zaidi lazima mlijue sasa, kwa sababu ndilo litakaloleta matatizo. Obadiah alikuwa Msabato. Mama yake, Mama Drusilla, alikuwa Msabato wa kufunga kazi Ijumaa jua likiwa bado juu, asije akaingia Sabato na unga mikononi. Jumapili Obadiah alicheza. Katikati ya wiki alicheza. Jumamosi hakuna, mpaka jua lizame. Msabato hachezi mpira Jumamosi.

Twende sasa mwaka 1971.

Mwaka huo wafanyabiashara fulani wa Kisii mjini waliandaa mashindano ya timu za Kisii na Nyamira. Kikombe cha kununua hakikupatikana kwa wakati. Mmoja wao akasema, mbona tunahangaika, na Tabaka ni hapo tu? Kazi ikapewa Obadiah. Walimwambia achonge kikombe kizuri, aache nafasi mbele, na jina la mshindi litachongwa baada ya fainali.

Obadiah akachagua jiwe la waridi lenye mishipa myeupe. Akachonga kikombe chenye masikio mawili na kifuniko. Wanaokijua wanasema ukikiweka dirishani asubuhi, mwanga unapita ukingoni.

Lakini mchongaji ana utaratibu wake. Herufi zinachongwa kwanza, kisha jiwe linasuguliwa kwa msasa na maji, kisha linapakwa nta. Ukichonga juu ya nta, jiwe linabaki na kovu. Obadiah alikikagua kikombe kile, akaona hawezi kukiharibu kwa sababu ya watu wasiojua kazi. Halafu timu yake ilikuwa imeshaingia fainali, naye ndiye kipa. Akachukua tindo. Akachonga AMAGENA, na chini yake 1971. Akasugua. Akapaka nta. Kazi ikaisha wiki nzima kabla ya fainali.

Ondieki alipokiona alishika kichwa. "Obadiah! Na tukishindwa?"

"Na nani?" Obadiah akauliza.

Ndiyo, wapendwa. Alijibu hivyo. Wanaume!

Wapinzani walikuwa Gredi Football Club wa Nyansiongo, kule Borabu. Ile ni ardhi iliyokuwa ya walowezi. Familia zilizopata mashamba pale baada ya Uhuru zilianza kufuga ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, na vijana wao wa kupeleka maziwa ndio walioanzisha timu. Walicheza kwenye majani mabichi, wamevaa viatu. Nahodha wao aliitwa Nyamweya, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe bonde la pili.

Fainali ilipangwa Jumapili, Kisii mjini. Kikombe kikawekwa juu ya meza, jina likiwa mbele ya kila mtu. Nyamweya akakisoma kwa sauti. Akawageukia wenzake. "Vijana, kumbe tumekuja kusindikiza!"

Mashabiki wa Tabaka wakajibu, "Ng'ombe wa gredi hachezi, anakamuliwa!"

"Na mawe yanakimbia tangu lini?" wakarudishiwa.

Basi mechi ikaanza, na ikawa ngumu. Kipindi cha pili, bado bila bila, anga la Kisii likafanya kama linavyojua kufanya mchana. Mvua ya mawe ikamwagika. Watu wakakimbilia vibaraza vya maduka, na uwanja ukabaki mweupe kuliko ule wa Tabaka. Refa akavunja mechi. Waandaaji wakakutana palepale, nguo zikiwadondoka maji, wakatangaza kwamba mechi itarudiwa. Lini? Jumamosi, saa tisa alasiri.

Jumamosi, wapendwa. Kipa ni Msabato, na jina ameshachonga.

Wiki ile Obadiah hakulala vizuri. Wachezaji walikwenda kwake mmoja mmoja, halafu wote pamoja. Waandaaji waliombwa wabadilishe siku, wakakataa. Mwishowe Ondieki, ambaye ndiye angesimama golini, akaenda kumwona Mama Drusilla.

"Nilimwambia, Mama, ni mara moja tu," Ondieki anakumbuka. "Ni kwa ajili ya Tabaka yote. Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua hata uso. Akaniuliza, 'Ondieki, wewe Mkatoliki, Padri akikuambia uibe mara moja tu kwa ajili ya Tabaka yote, utaiba?' Nikasema hapana. Akasema, 'Basi chukua kisu kile, unisaidie kumenya.' Nikamenya mpaka zikaisha."

Jumamosi Obadiah alivaa suti yake, akaenda kanisani. Lori la mawe likaondoka na timu, Ondieki akiwa kwenye usukani, glavu za kipa kwenye kiti cha pembeni. Glavu zenyewe zilikuwa za Obadiah. Amagena waliwaacha Wasabato wengine wawili nyuma. Gredi nao walikuwa na wao wawili, tena wa akiba.

Obadiah alikaa kanisani mchana kutwa. Watu waliokaa benchi lake walisema kila wimbo ukiisha alikuwa anatazama dirishani aone jua liko wapi. Lilipozama akatoka, akasimama barabarani na mama yake. Amagena wakishinda, lori lao lilikuwa linasikika tangu mbali, kwa nyimbo na honi. Siku hiyo lilikuja kimyakimya, taa zimewaka.

Ondieki akashuka. "Tatu moja," akasema.

"Yetu ni ipi?" Obadiah akauliza.

"Hiyo moja." Halafu Ondieki akaongeza, "Obadiah, ule mpira wa tatu niliuona vizuri sana. Niliuona ukipita."

Mama Drusilla ndiye aliyeanza kucheka. Obadiah hakucheka. Kikombe chake cha waridi, chenye jina la timu yake, kilikuwa njiani kwenda Nyansiongo kwenye gari la kubebea maziwa.

Jumapili iliyofuata alipanda basi mpaka Kisii, akabadilisha, akapita Keroka, akashuka Nyansiongo na mfuko wa tindo na msasa. Alikuwa amekwenda kulitoa jina. Alisema hawezi kulala wakati jina la Tabaka limekaa nyumbani kwa watu.

Nyamweya alimpokea vizuri. Kikombe kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Obadiah akafungua mfuko wake.

"Yaya! Hapana!" Nyamweya akamshika mkono. "Usikiguse hicho kikombe."

"Nataka kuwachongea jina lenu," Obadiah akasema. "Nitasugua vizuri, hamtaona kovu."

"Nani alikuambia tunataka jina letu? Kikombe chenye jina letu kila mtu anaweza kuwa nacho. Sisi tuna kikombe chenye jina lenu. Wageni wakija wanauliza, nasi tunawasimulia, tunacheka mpaka chai inapoa. Ukikitaka, njoo na timu."

Dada yake Nyamweya, msichana mmoja aitwaye Gesare, alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maziwa. Akasema, "Ndugu yangu, mpe mgeni anywe kwanza. Ametoka mbali kuja kushindwa tena."

Gesare mwenyewe, ambaye leo ni Mama Gesare, aliniambia hayo wiki hii. "Alininunia," alisema. "Lakini maziwa alikunywa yote. Wiki iliyofuata akaja tena, eti amesahau msasa. Mchongaji gani anasahau msasa?"

Mwaka 1973 wazee wa Tabaka walikwenda Nyansiongo kuposa. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Ng'ombe walikubaliwa bila makelele. Ndipo mzee mmoja wa upande wa Obadiah akakohoa, akasema, "Sasa, wakwe zetu, kwa kuwa tumekuwa ndugu, tunaomba binti aje pamoja na kile kikombe."

Baba yake Gesare akatoka nje kushauriana na wanawe. Walikaa huko mpaka wageni wakaanza kuogopa. Akarudi, akaketi. "Binti tunatoa," akasema. "Kikombe hapana."

Gesare akaja Tabaka bila kikombe. Na kila Agosti, Jumapili, si Jumamosi, Amagena na Gredi walicheza. Mwaka mmoja Tabaka, mwaka wa pili Nyansiongo. Obadiah golini, shemeji yake Nyamweya mbele yake. Je, Amagena waliwahi kushinda? Wapendwa, sitawadanganya. Hawakushinda hata siku moja. Mwaka 1976 walitoka sare, wakasherehekea kama harusi. Lakini sare haileti kikombe nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya sabini wachezaji walizeeka, wengine wakaenda kutafuta kazi mbali, na Amagena ikaisha polepole bila mtu kutangaza. Uwanja wa vifusi ukaota nyasi.

Obadiah aliendelea kuchonga. Alichonga vikombe vingi maishani mwake, vya shule, vya makanisa, vya harusi. Binti yake, Abigael, anasema baba hakuchonga tena jina la mtu yeyote kabla ya siku yake. "Hata mama alipokuwa mjamzito, watu wakamwuliza baba mtoto ataitwa nani, alisema, 'Subirini kwanza filimbi ya mwisho.'"

Na kila alipokwenda kwa wakwe zake, alikaa kiti kile kile, kinachotazama kabati.

Sasa niwaambie kilichotokea Alhamisi. Nilikuwepo.

Tulikuwa tumeketi chini ya maturubai, mchungaji ameshamaliza, watu wa Nyansiongo hawajafika. Wakaja wamechelewa, kwa basi zima. Mbele yao alikuwa Nyamweya, sasa mzee wa fimbo, na kijana wake amebeba kitu kilichofunikwa kitambaa cha kufuma. Minong'ono ikapita kiti kwa kiti. Wamekileta! Ondieki alisimama, machozi yakimlengalenga. Nami, nakiri, nilitafuta leso.

Nyamweya akakiweka kikombe juu ya jeneza. Cha waridi, masikio mawili, AMAGENA 1971, kinang'aa kama kimepakwa nta jana. Akaomba kipaza sauti.

"Shemeji," akaliambia jeneza. "Nimekuletea ukione. Kimetunzwa." Kisha akatugeukia sisi, na ile sauti ya kuita ng'ombe ikarudi. "Nawaona mnafuta machozi. Msinielewe vibaya. Sikuja kukirudisha. Nimekuja kukionyesha tu. Mkikitaka, Agosti njooni na timu!"

Mama Gesare, aliyekuwa hajainua uso tangu asubuhi, akaangua kicheko. Alicheka akilia, akamnyooshea kaka yake kidole. "Nyamweya! Hata leo?"

"Hata leo," akajibu. "Angenidharau nikifanya vingine."

Na wajukuu wa machimbo waliokuwa nyuma ya maturubai, wameegemea mikaratusi, wakaanza kuulizana nani ana viatu.

Mama Gesare, Abigael na familia yote ya Mzee Onsongo, poleni sana kutoka kwetu sote. Watu wa Tabaka, poleni. Watu wa Nyansiongo, poleni na ninyi, mmepoteza mgeni wenu.

Nawe unayenisikiliza, keti dakika moja ufikirie. Pengine nawe una kitu chako kiko kwa jirani, ulishindwa kihalali, na umenuna miaka mingi. Obadiah alipanda basi, akakifuata. Hakukipata. Alipata mke, shemeji na miaka ya kucheka. Inuka uende. Kama ni Jumamosi, ngoja jua lizame.

Jioni ya Alhamisi nilisimama kando ya barabara basi la Nyansiongo likiondoka. Kikombe kilikuwa kwenye mapaja ya Nyamweya, dirishani. Mama Gesare akalifuata basi hatua kadhaa, akagonga bati.

"Kishikeni vizuri!" akapiga kelele. "Kikivunjika tutachukua nini Agosti?"