Chumba cha Dirisha na Wale Watu Wanne

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, limeegemezwa ukutani kati ya kibanda cha fundi wa kufuli na duka la vioo lililofungwa tangu mwenye duka aliposema anatoka mara moja. Mguu mmoja wa benchi ni tofali. Anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kubisha kwa nguvu, maana akipandisha mori benchi zima linakwenda chini pamoja naye. Hiyo ndiyo sheria pekee ya pale, na ndiyo pekee inayofuatwa. Kahawa ni ya Mama Buli, mwenye mabuli mawili, vikombe kumi na ulimi wa watu watatu. Alasiri hiyo upande wa tofali alikaa Funguo, fundi mwenyewe wa kufuli, mtu asiyeshindwa na mlango mtaa mzima. Siku hiyo alikuwa ameshindwa na mmoja tu: mlango wa chumba cha meli.

Habari ilikuwa hivi. Mkewe alikuwa anamaliza kazi siku hiyohiyo. Miaka ishirini na saba amefua shuka za hoteli, chini kabisa ya jengo, kwenye chumba cha mvuke kisicho na dirisha. Alikuwa na ombi moja la kustaafu: juma moja la matembezi ya meli, alale kwenye shuka asizozifua yeye, na chumba kiwe na dirisha. “Bila dirisha siendi,” alisema. “Chumba kisicho na dirisha nimeshakikaa.” Hela walikuwa wameweka kidogo kidogo, zimetimia. Asubuhi akitoka alimwachia mumewe kazi moja na onyo moja. Kazi: aingie kwenye ukurasa wa kampuni ya meli, aweke nafasi kabla ya saa kumi na mbili jioni, maana bei ya punguzo inaishia hapo. Onyo: “Usiipeleke kijiweni.”

Saa kumi kamili Funguo alikuwa kijiweni.

— Jamani, mnisaidie. Chumba ni kilekile, dirisha ni lilelile, lakini bei ziko mbili. Hii ya chini, na hii imezidi dola mia na hamsini. Ukilipa hii iliyozidi, wanakupa salio la melini, dola mia mbili.

— Wanakupa mkononi? akauliza Redio. Huyu ni mpaka rangi wa nyumba, na jina alilipata kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

— Hawakupi mkononi. Wanakuandikia. Ukishapanda, ukinywa soda wanakata humo, ukinyolewa wanakata humo, ukipigwa picha wanakata humo.

— Na isipokwisha?

— Inasema usiku wa mwisho inafutika. Hairudi kuwa hela.

Redio akaweka kikombe chini taratibu, kama daktari anayejiandaa kutoa habari mbaya.

— Ndugu yangu, unawapa mia na hamsini za kweli, wanakupa mia mbili za hadithi. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Huoni wanavyopona?

— Hapo umeteleza, akadakia Wakili, baada ya kukohoa. Wakili si wakili. Aliwahi kuitwa shahidi katika kesi ya ua wa jirani, akasema “sikuona,” na tangu siku hiyo hafungui mdomo bila kukohoa kwanza. Kisheria, akaendelea, pesa inayokufa usiku wa mwisho ni marehemu mtarajiwa. Lazima tujue inarithiwa na nani. Masharti yako wapi?

— Yako humu humu, lakini maandishi ni kama chawa, na kioo changu kimepasuka.

— Nitumie nifungue kwangu.

— Na mimi nitumie, akasema Redio. Nataka kuona hilo dirisha. Isije ikawa wamechora.

Funguo akawatumia wote wawili. Redio akafungua. Ukurasa ukamwambia hawezi kuona picha za ndani mpaka achague chumba kwanza, basi akabonyeza “Chagua,” si anaangalia tu. Akaanza kukuza picha kwa vidole viwili.

Funguo akatupa jicho kwenye simu yake, akashituka, benchi likayumba.

— Mungu wangu! Vilikuwa vinne, sasa vimebaki vitatu! Na imeandikwa hapa: mtu mwingine mmoja anaangalia vyumba hivi.

— Mmoja? Redio akauliza bila kuinua macho kwenye picha. Huyo ni tajiri. Tajiri ndiye hutembea peke yake. Ana meli yake nyumbani, lakini anataka punguzo. Matajiri wanapenda punguzo kuliko sisi, ndiyo siri yao.

— Basi nibonyeze upesi!

— Ubonyeze ipi? akauliza Wakili. Ya salio au isiyo na salio? Haraka haraka haina baraka. Subiri nifike kwenye masharti.

Nayo masharti hayakufunguka mpaka Wakili alipobonyeza “Chagua.” Akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ya mahakamani: salio ni la chumba, si la kichwa; halilipi nauli; haliingii kwenye michezo ya kamari; zawadi ya wahudumu inaweza kukatwa humo; halihamishiki...

— Vimebaki viwili! Funguo akapiga kelele. Watu wengine wawili!

— Tulia, benchi hili! Mama Buli akaokoa buli lake kwa goti. Hao wawili, akasema, nitakwambia ni kina nani. Ni watu wa ile hoteli ya mkeo. Wamesikia anastaafu. Nani atawafulia? Wanakaa ofisini wanashika vyumba vyote vya madirisha, mama wa watu akose, avunjike moyo, kesho asubuhi arudi kwenye mvuke.

Funguo hakuwa ameliwaza hilo. Lilimchoma, kwa sababu lilifanana na ukweli kuliko yote aliyoyasikia siku hiyo. Alimwona mkewe akirudi jioni, vidole vimekunjamana kwa maji, akiuliza tu: “Umepata?”

— Lakini kwanza, Mama Buli akaendelea, hiyo kahawa ya melini ni bei gani? Nitumie nione.

Akaona. Ilikuwa lazima abonyeze “Chagua” ili aone orodha ya vinywaji, akabonyeza, kisha akahesabu vikombe vyake kwa macho.

— Kikombe kimoja, akasema mwishowe, ni buli langu zima na mwenye buli. Na nyinyi mnanilalamikia mimi!

— Kimebaki kimoja, akasema Funguo. Watu watatu wanaangalia.

Hapo ndipo wote walipomgeukia Nahodha. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, miguu ameitanua kama sakafu inapanda na kushuka. Nahodha aliwahi kuuza tiketi za kivuko cha mtoni kwa miezi minane. Kivuko kilikuwa kinavutwa kwa kamba, na safari yake ilikuwa fupi kuliko foleni yake, lakini hapa kijiweni hakuna mwingine aliyekaribia maji kiasi hicho.

— Mnanishangaza, akasema Nahodha. Mnabishana juu ya tajiri na hoteli, na bahari hamwijui. Hao wanaoangalia hawako nchi kavu. Wako melini.

— Melini kufanya nini?

— Hawajashuka tangu safari iliyopita. Salio linafutika usiku wa mwisho, sivyo? Basi wao wamekataa usiku wa mwisho usifike. Safari ikikaribia kuisha wanaweka nafasi nyingine humohumo, wanapewa salio jipya, wanakunywa. Kuna mzee mmoja ametimiza miaka kumi na moja humo, amesahau ana wajukuu. Hao ndio wanakutolea macho, bwana. Unataka kuwaingilia nyumbani kwao.

Mama Buli akasogeza buli lake mbali na simu.

— Sasa nifanye nini? Funguo akauliza.

— Maji yakimwagika hayazoleki, akasema Nahodha. Kwa hiyo chukua chumba cha juu, mbali na maji. Nitumie, nikuangalizie boti za kuokolea ziko upande gani. Dirisha likiangalia boti, umekula hasara.

Akatumiwa. Akabonyeza.

Funguo akafumba macho. Akaamua. Liwalo na liwe: ya chini, isiyo na salio, hadithi zote ziishe. Akafumbua, akashusha kidole, na ukurasa ukamjibu kwa adabu kubwa: “Samahani. Vyumba vya dirisha kwa bei hii vimekwisha. Watu wengine wanaoangalia: 4.” Chini yake wakampendekezea chumba cha ndani, chenye utulivu, kisicho na dirisha.

— Vimekwisha, akasema.

Redio akamwekea mkono begani.

— Pole sana, kaka, Redio akanong’ona. Tulijitahidi.

— Tulikuwa watano dhidi ya wanne, akasema Wakili. Kisheria tulipaswa kushinda.

Saa kumi na moja na nusu mkewe alikata kona. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni wenye sare yake ya kazi, na begani kitambaa alichopewa na wenzake cha kumuaga. Alitembea kama mtu aliyetua mzigo mahali fulani njiani na bado hajazoea. Akaona benchi. Akaona simu. Akasimama.

— Shikamoo, shemeji, wakasema watatu kwa mpigo, hata Nahodha aliyemzidi umri.

— Marahaba. Nilisema nini asubuhi?

— Mama, Funguo akaanza, usikasirike. Vilikuwa vinne. Kuna watu wametuzunguka. Kila tukipumua, mmoja anaongezeka. Wamechukua vyote. Mmoja ni tajiri, wengine ni hoteli yako, kisha kuna wazee walioko melini...

Mkewe alinyoosha mkono. Alichukua ile simu iliyopasuka, akaisogeza mbali na macho, akaisoma kutoka juu kabisa hadi chini, kama alivyozoea kusoma lebo ya nguo kabla hajaitia kwenye maji ya moto. Halafu akainua uso, akaliangalia benchi kutoka upande wa tofali hadi upande wa Nahodha. Mkono mmoja, simu. Mkono mwingine, simu. Nyingine. Na nyingine imelala juu ya kifuniko cha buli.

— Hawa watu wengine wanne, akauliza, ni kina nani?

Redio akafungua mdomo, ukabaki wazi bila sauti, jambo ambalo mtaa ule haujawahi kuliona. Wakili akakohoa, akakohoa tena, lakini nyuma ya kikohozi hakikuja kitu. Mama Buli akageuza simu yake ikalala kifudifudi. Funguo akaangalia kidole chake kama ndicho kilichomsaliti.

— Mimi nilikuwa natazama picha tu, Redio akasema.

— Ulibonyeza “Chagua”?

— Picha haziji bila...

— Imeandikwa juu kabisa hapa: ukichagua, chumba kinashikwa kwa jina la simu yako mpaka ughairi. Ghairini. Wote.

Vidole vikaanza kazi. Funguo akawa anasoma kwa sauti, kama mtangazaji wa mpira:

— Kimerudi kimoja... viwili... Mama Buli, asante... vitatu. Watu wengine: mmoja.

Wakasubiri. Akabaki palepale, mmoja.

— Labda yule mzee wa miaka kumi na moja, akasema Nahodha.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amekalia kitu.

— Nahodha! Mama Buli akafoka.

— Nilikuwa nimepata cha karibu na boti, bwana! Nilitaka tu nikae nacho kidogo. Akaitoa simu chini ya paja, ina joto, akaiangalia mara ya mwisho kama mtu anayeaga bandarini, akaghairi.

Vinne. Sifuri.

— Sasa shemeji, akasema Redio, sauti imemrudia, liko bado lile swali. Salio. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, kwa hiyo usikubali vya mezani. Mia mbili za melini utazifanyia nini? Kahawa yao, bei yake muulize Mama Buli. Picha? Una sura yako nyumbani. Kinyozi?

Mkewe alikuwa anateremsha ile orodha kwa kidole gumba, polepole, akipita vinywaji, akipita picha, akipita kusingwa mgongo. Akasimama mahali. Akasoma mara mbili. Funguo alimjua mkewe. Aliona mdomo unavyomcheza pembeni kabla hajaongea.

— Wanafua nguo, akasema.

— Nani?

— Melini. Unaweka nguo zako kwenye mfuko, unaning’iniza mlangoni, mtu anakuja kuchukua. Zinarudi zimepigwa pasi. Bei yake ni ya wizi, najua, ningeifua mimi kwa kipande cha sabuni. Akabonyeza bei ya juu, akamgeukia mumewe. Tunachukua yenye salio, akasema. Mia mbili zote. Nitavaa gauni asubuhi, nitalitoa mchana, litafuliwa. Nitavaa jingine mchana, litafuliwa. Nikishiba, kitakachobaki kiingie zawadi ya wahudumu, wampe huyo aliyeko chini anayefua. Mimi miaka ishirini na saba hakuna mgeni aliyewahi kuuliza kule chini kuna nani.

Hakuna aliyetia methali. Wakili alitoa kitambaa akapangusa miwani isiyokuwa na vumbi. Simu ikalia: nafasi imepokelewa, chumba cha dirisha, wasafiri wawili, karibuni sana. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika saba.

Mama Buli akainua buli la mwisho ampe shemeji kikombe cha hongera. Likatoka tone moja na mashapo.

— Imekwisha, akasema. Mmeinywa yote kwa woga.

Funguo akasimama, upande wa tofali ukapanda, wengine wakashuka. Alikuwa anacheka, meno yote nje, akinyoosha mikono kumpokea mkewe ule mfuko wa nailoni.

— Mama, lete nikubebee. Kuanzia leo hushiki nguo chafu!

— Ndivyo nilivyokuwa nataka kukuambia. Akampa. Hiyo ni sare. Hoteli wanaitaka keshokutwa, safi, imenyooka, kola isiwe na alama. Na meli inaondoka mwezi ujao, mume wangu. Beseni liko nyuma ya mlango.

Akatangulia, kitambaa begani, hatua nyepesi. Funguo akamfuata na mfuko wake, akakata kona, na dakika kumi baadaye alikuwa uani ameinama kwenye povu mpaka kwenye viwiko, akitafuta kola iko wapi.

Juu ya ukuta wa ua vilionekana vichwa. Watu wengine wanaoangalia: wanne.