Dereva Aliyepotea Mara Moja

Ijumaa hii, baada ya miaka kumi na tisa kwenye usukani wa gari la kituo chetu cha afya hapa Arlington, Mzee Abdulhafidh Ngwali anastaafu. Amewabeba wagonjwa kutoka Cedar Hill hadi Garland, kwa jua na kwa barafu, na hajawahi kuwasha ramani ya simu. Anasema ile sauti iliyomo ndani haijui njia, inajua kuamrisha tu. Wauguzi aliowafundisha kuendesha gari wanamsifu kwa upole wake. Kipngeno wa maabara, aliyefeli mtihani mara tatu, anamkumbuka kwa mambo mengine.

Lakini hadithi yake kubwa ni ya Oktoba iliyopita, siku alipopotea.

Zamani, katika baadhi ya hospitali za nyumbani, mama akikwama kujifungua daktari alimkata kiungo cha mifupa ya nyonga ili mtoto apite, bila kumwuliza mwenyewe. Kina mama saba wa hapa wamezeeka na maumivu hayo. Serikali ya nyumbani hatimaye ikaunda tume, na tume ikaja Texas kwa siku moja kuwasikiliza. Ikakodi ofisi Garland, ghorofa ya pili, lifti mbovu. Tulipopiga simu kueleza kwamba watu waliokatwa nyonga hawapandi ngazi, tulijibiwa kwa adabu kwamba ukumbi umeshalipiwa, na asiyefika atahesabiwa amejitoa.

Tume iliomba kitu kimoja tu: gari la kuwatoa wajumbe wake uwanja wa ndege. Mzee alijitolea kabla hatujamaliza kuuliza. Akaliosha gari mara mbili, jambo ambalo lingepaswa kututia shaka.

Garland iko mashariki. Mzee akashika barabara ya 360 kwenda kusini, akawashusha wajumbe watatu wa tume mbele ya nyumba ya Mama Jeptoo, mmoja wa wale saba. Wote saba walikuwa wameshaketi sebuleni, na mkewe Mzee, Bi Mwanabaraka, alikuwa jikoni akipakua pilau. Mimi niliitwa kubeba sahani. Mzee akailaumu ramani ya simu. Kisha akasema injini imepata moto, lazima ipumzike, akatia ufunguo mfukoni.

Sasa mgeni aliyekwisha nusa pilau atafanyaje? Walikula. Na mtu akila kwa watu haondoki bila kuwajulia hali, kwa hiyo mwenyekiti wa tume akanawa, akawauliza kina mama habari zao, akisubiri aambiwe nzuri kama ilivyo desturi.

"Habari zetu si nzuri," Mama Jeptoo akasema. "Kaa, mwanangu, nikueleze."

Akakaa. Walizungumza mmoja mmoja, na katibu wa tume akatoa kalamu bila kuambiwa. Wa saba alipomaliza, Bi Mwanabaraka akatoka jikoni na kusema kwamba yeye ni wa nane.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Kwa miaka arobaini alimtania mkewe kwa kutembea polepole, na mkewe akimwambia ni uzazi mgumu tu.  Alitoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani, akaketi sakafuni karibu na miguu ya mkewe. Niliona uchungu kwa ajili yao wote wawili. Hakuna mjumbe aliyeugusa ule ufunguo.

Mwezi Machi serikali iliwaomba radhi kina mama wote wanane na kukubali kugharamia matibabu yao. Ofisa aliyetumwa kuja kuwaambia alielezwa mapema kwamba mkutano ni sebuleni kwa Mama Jeptoo. Hakubisha. Aliuliza tu kama kutakuwa na pilau.

Siku hizi majirani wa Cedar Hill humwona Mzee jioni akitembea bega kwa bega na Bi Mwanabaraka, yeye aliyekuwa akitupigia honi tukichelewa nusu dakika.

Asante, Mzee wetu, kwa njia zote ulizozijua, na zaidi kwa ile uliyojifanya huijui. Uwe na maisha mema na marefu, wewe na Bi Mwanabaraka. Nendeni kwa mwendo wake. Hakuna anayewasubiri Garland.

Gakii, Mapokezi