Picha ya Tatu ya Kichwa cha Nyundo

Asiyeamini haya na asimame sasa hivi aumbuliwe mbele ya watu, maana marehemu, aliyeitwa Nyundo na kila aliyemwona akiruka kupiga mpira kwa kichwa, hakuuawa na mpira, aliuawa na watu wenye vyeti, na wawili wao wameketi safu ya pili wakijifanya wana huzuni.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 2002 katika hospitali ya wilaya, akafuatwa baada ya miezi kumi na tatu na mdogo wake, ndiye anayewasomea wasifu huu, wakafanana hadi shangazi huwaita kwa kubahatisha, ingawa uzuri ulibaki kwa mdogo.

Alianza shule Januari 2009, akapanda darasa baada ya darasa, tofauti na mdogo wake aliyeiaga shule kidato cha pili kwa kuona walimu wanamchelewesha, na Septemba 2022 akaingia chuo kusomea upimaji wa ardhi, likizo akiwabebea wapimaji vigingi, Jumamosi akiwa beki wa kati.

Agosti 2024 daktari huyu wa ubongo, aliyeketi safu ya pili pamoja na kocha, alileta utafiti wake chuoni, akawalaza wachezaji thelathini na mmoja ndani ya mashine inayogonga kama fundi bati, akapiga picha ubongo wa kila mmoja ukiwa mzima, ili atakayegongwa apigwe nyingine zilinganishwe, na kocha akawaapia wazazi kwamba aliyegongwa hachezi mpaka picha ya tatu ioneshe amepona.

Tarehe 3 Mei 2025 Nyundo aligongana vichwa na mshambuliaji, akainuka akiuliza, “Tunacheza na nani?”, picha ya pili ikaonesha ubongo umetikisika, akaambiwa apumzike, naye akawa anafunga mapazia mchana na kusahau jina la mchumba wake, huyu muuguzi mwanafunzi aliyekaa na mama, ambaye angefunga naye ndoa Desemba, hivyo hakuacha mjane wala mtoto, ameacha pete ndani ya kiboksi.

Tarehe 19 Mei picha ya tatu ikatoka safi, kocha akachekelea, “Nyundo, kichwa kipya hicho!”, tarehe 24 akampanga kwenye fainali, dakika ya hamsini na mbili akaruka kuokoa kona, akaanguka, hakuzinduka, akafariki tarehe 26 katika wodi ya mahututi.

Enyi wasomi, picha ile mliitazama kwa macho au kwa visigino? Daktari anadai alipiga simu Ijumaa, siku moja kabla ya fainali, kumzuia, wajomba wamemwita mwongo mbele yake, na kesho wanaipeleka karatasi hii kwa baraza la madaktari anyang'anywe leseni, asipige tena picha hata ya pasipoti.

Familia inawashukuru wauguzi waliomgeuza kitandani kila baada ya saa mbili, majirani walioazima viti, na wanafunzi wenzake waliobeba jeneza, ila jina la daktari wajomba wamelifuta kwa kalamu nyekundu.

Karatasi imeishia hapo. Iko sehemu niliyoiruka nilipoiandika.

Tarehe 19 Nyundo alikuwa anatapika, akanishika mkono, “Dogo, fainali moja tu, kaka yako nakuomba,” nami nikachukua kitambulisho chake, nikavaa jezi yake, nikalala kwenye mashine badala yake, kisha nikacheka peke yangu kwamba kidato cha pili kimewapiga chenga maprofesa, na Ijumaa daktari alipopiga simu, akisema picha hii hailingani na mbili za mwanzo, asicheze, arudi Jumatatu, simu ya Nyundo niliipokea mimi, nikaiga sauti yake, nikasema, “Sawa, daktari,” nikaifuta namba, sikumwambia mtu, hata Nyundo mwenyewe.

Daktari, ubongo ule mzima ni wangu. Wajomba, kesho mkipeleka karatasi, andikeni jina langu.

Kaka, pumzika. Amani yote chukua wewe.