Mtoto Aliyepewa Mfuko Wake

Sifa ni kwa Mungu aliye hai, ndugu zangu, ninyi mliofika na wale waliozuiwa na mvua! Mnanijua, mimi ni Mama Odile, muuza makayabu, samaki wa chumvi, wa soko la Mangobo. Mnajua pia kwamba si mtu wa kulia mbele ya watu. Nitalisema jambo kama lilivyokuwa, kisha nitakaa.

Nyumbani kwangu kuna msichana anayeitwa Solange, mwanafunzi wa darasa la tatu. Sikumzaa. Mama yake alikuwa ndugu wa mume wangu, akafariki kule Ubundu mtoto angali mdogo, na tangu hapo Solange akawa anazungushwa kwa jamaa. Nyumba ikimchoka, walitia nguo zake ndani ya mfuko, wakamnunulia mikate ya mafuta, wakamwambia aende. Hakuna aliyempiga. Alipewa mfuko wake tu, basi, akajua kwamba hapa pamekwisha. Na kwetu alifika hivyo hivyo, kwa treni, kisha kwa pirogi kuvuka mto, amekumbatia mfuko mwekundu. Mume wangu akampokea pale beach, mahali pirogi zinapotua.

Nyumbani hakuwa na kosa hata moja, na hilo lilinichosha roho. Alikula kila alichopewa. Aliosha sahani kabla hajaombwa. Nguo zake alizikunja ukingoni mwa kitanda, ingawa nilimpa nafasi kabatini. Mfuko wake nikautoa nguo, nikautia madaftari, ukawa wa shule.

Shuleni alikuwa mtu mwingine. Mwalimu akichelewa kidogo, analia. Mwenzake akigusa kalamu yake, vita. Majirani wakaanza kunong'ona, na mama mmoja, simtaji, akanishauri nimpeleke kwa watu wa kufukuza pepo. Nikamwambia mtoto huyu hana pepo, amehamishwa mno. Hakunisalimia kwa muda, nami nikapumzika.

Sasa sikieni, ndugu zangu. Asubuhi moja mwalimu wake, Madame Charlotte, aliwabadilisha watoto viti. Jambo la kawaida kabisa. Solange alishika dawati lake, akakataa. Mwenzake akamvuta, naye akamwuma mkono hata damu ikatoka. Ninyi nyote mmesoma katika mji huu, mnajua kinachofuata: mtoto mkorofi hupewa mfuko wake, hutumwa nyumbani, na kesho hurudi na mzazi. Wengine hutoka mbio wakifurahi. Madame akampa Solange mfuko wake, akamwonyesha mlango.

Solange hakufika nyumbani.

Odile, binti yangu mkubwa, alinifuata sokoni mchana kuuliza kama mtoto yuko nami. Nikaacha samaki kwa jirani, nikaenda shuleni. Madame Charlotte aliposikia, uso ulimbadilika. Alimwachia mwenzake darasa, tukatoka naye. Tulipita kwa ndugu wa kwaya waliokuwa mazoezini, nikawaambia waombe. Mama Agnès, mmoja wao, akasema, "Tuombe tukitembea, Mama Odile. Miguu haizuie Mungu kusikia." Wakatufuata. Niliogopa, ndugu zangu. Nilifikiria mto. Nikasema, "Bwana, huyu ni wako kuliko alivyo wangu. Mimi sijui pa kuanzia." Hayo tu. Sina maombi marefu.

Haleluya! Hatujafika barabara kubwa, kijana wa pikipiki akasimama mwenyewe, hatukumpungia mkono.

"Bamama, munatafuta mutoto? Iko moja ku beach, na mufuko ya rouge. Toka asubui anaikala tu pale."

Tukamkuta. Alikuwa amekaa juu ya gogo karibu na maji, sare yake safi, mfuko ule mwekundu juu ya magoti. Hakuwa ametoroka. Mtu anayetoroka hujificha, na huyu alikaa mahali pa wazi, anatazama kila pirogi inayotua.

"Solange, unafanya nini hapa?"

"Niko nangoya."

"Unangoya nani?"

"Sijue. Mutu atakuya kunikamata, anipeleke ku nyumba ingine." Hakulia. Aliongea kama mtu anayenieleza njia ya sokoni. "Madame alinipatia mufuko yangu. Donc kwenu kulishaisha."

Madame Charlotte akaketi chini, pale pale kwenye matope, na sketi yake ya kazi. "Hapana, mutoto yangu. Nilikutuma tu nyumbani, vile tunafanyaka ku batoto bote."

"Ndiyo, Madame," Solange akajibu kwa heshima. Hakusadiki hata neno moja. Hapo ndipo nilipolia, na kama kuna aliyeniona, anyamaze.

Kesho yake tulikwenda kwa mkurugenzi wa shule. Yeye alikuwa ameshaamua: anayeuma wenzake hana nafasi shuleni kwake. Kama Solange angefukuzwa, nani angemwambia tena kwamba kwetu hakujaisha, naye akasadiki? Nikamsimulia njia yote ya mtoto yule, nyumba kwa nyumba. Madame naye akasema yale aliyoyasikia gogoni. Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Bon," akasema. "Anabaki. Tufanye namna gani?"

Tukapanga wote watatu. Akikosea, aadhibiwe, lakini mfuko ubaki darasani na mimi niitwe kwa simu. Hasira ikimpanda, akae kwa mlinzi langoni mpaka ipoe. Wakitaka kumbadilisha kiti, aambiwe jana yake. Na aombe radhi kwa yule aliyemwuma, maana jino ni jino hata la yatima. Mkurugenzi akawaagiza walimu wamjue kila mtoto analelewa na nani, wakiuliza faraghani, si mbele ya darasa.

Msidhani alibadilika siku hiyo. Alipigana tena, na mara nyingine nilichukua simu ya shule huku mikono imejaa chumvi. Lakini kila mara nilikwenda, na kila mara tulirudi pamoja nyumbani kwa mguu.

Sasa, juma lililopita, nilipakua sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Solange akatazama sahani, akasukuma kidogo, akasema, "Sombe tena? Kila siku sombe!"

Odile akashtuka. Mume wangu akaacha kutafuna. Mtoto ambaye hakuwahi kukataa hata chakula kilichoungua! Nilimkemea vizuri, kama ninavyowakemea wanangu wote. Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu kwa kinywa kile kichafu. Mgeni hasemi hivyo, ndugu zangu. Anayesema hivyo anajua kwamba kesho atakula hapo hapo.

Wewe unayelea mtoto wa mwenzako, usiogope mlango wa shule. Nenda ukamweleze mwalimu. Nawe mwalimu uliyekaa hapa leo, yule anayekusumbua mwulize ametokea wapi kabla hujamwonyesha mlango. Mtegemeeni Bwana, yeye hachoki na mtoto wa mtu! Utukufu ni wake. Nami naomba ruhusa niwahi nyumbani, maana sombe iko motoni, na kuna mtu atakayeilalamikia.